Wachongaji wa Chukudu

Katika mzunguko mmoja wa barabara katikati ya Goma, mashariki mwa Kongo, imesimama sanamu yenye rangi ya dhahabu: mtu na chukudu yake, chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo. Rais Joseph Kabila aliizindua mwaka 2009, na wageni hawachoki kuipiga picha. Waendesha chukudu walistahili heshima hiyo, maana wameulisha mji huu kwa jasho lao tangu miaka ya 1970. Lakini mimi kila nikipita pale humkumbuka mtu asiyeonekana juu ya jukwaa: fundi aliyeichonga chukudu yenyewe. Kwangu yeye ndiye mchongaji mkuu wa Goma.

Fundi huyo hafanyi kazi kwa mchoro wa karatasi. Vipimo viko mkononi na machoni. Mbele yake kuna mbao nzito za mkaratusi, panga, patasi, nyundo na misumari. Kwanza hutengeneza mwili, ubao mnene wa kubebea mzigo, ambao kwenye chukudu kubwa hufika mita mbili. Kisha hupandisha mti wa mbele na kuuvika usukani uliopinda kama pembe za ng'ombe. Hadi hapo seremala yeyote mzuri angeweza kumfuata.

Gurudumu ndilo linalowatenga mafundi. Huchongwa kutoka kipande kizima cha mti, pande kwa pande, panga likila kingo kidogo kidogo mpaka duara litokee. Tundu la ekseli lazima likae katikati hasa. Likienda pembeni hata kwa unene wa kidole, gurudumu litachechemea, na chukudu inayochechemea chini ya kilo 400 za viazi humwangusha mwendeshaji. Tairi bovu la gari hukatwa ukanda, ukapigiliwa misumari kulizunguka gurudumu lote. Kipande kingine cha raba huning'inia juu ya gurudumu la nyuma; mwendeshaji hukikanyaga, na hiyo ndiyo breki. Pale goti litakapotua huwekwa kitu laini, kwa sababu mguu mmoja utasukuma ardhi kutwa nzima na mwingine utapiga goti. Fundi amelifikiria goti la mtu ambaye huenda bado hajamjua. Kazi yote humchukua siku moja hadi tatu.

Barabara ndiyo inayomhukumu. Kutoka Kibumba hadi mjini ni mteremko, na chukudu hushuka kwa kasi zikiwa na kabichi, viazi na magunia ya makaa. Mjini hukutana na mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo, yaliyomwagika hadi katikati ya Goma na kuingia ziwani Januari 2002. Juu ya mawe hayo chukudu nzuri hudumu miaka miwili au mitatu.

Nikiwaza mizigo hii na wanaoibeba, humkumbuka Ramkinkar Baij, mchongaji wa Bengal, India, aliyezaliwa mwaka 1906 na kufundisha miaka mingi katika chuo cha Santiniketan. Mwaka 1938 alisimamisha nje, chini ya miti, kazi yake kuu: familia ya kabila la Wasanthali iliyo safarini, mume, mke, watoto na mbwa wao, na mali yao yote mabegani na vichwani. Enzi hizo sanamu nyingi kubwa za hadharani India zilikuwa za wafalme na magavana, za shaba au marumaru. Baij alichukua saruji na changarawe nyekundu ya palepale, akawapa vibarua ukubwa uleule. Sijui wachongaji wengi waliolitazama umbo la mtu aliyebeba mzigo kwa heshima kiasi hicho.

Familia ile tunaifahamu sana hapa. Februari 2024 watu wa mji wa Sake walipokimbia vita kuja Goma, waliingia na magodoro, sufuria na bidoni juu ya chukudu, watoto wameketi juu ya mafurushi, baba akishika usukani, mama akisukuma nyuma. Januari 2025 vita ilipoingia mjini kwenyewe, mizigo ya namna hiyo ilipita tena. Baij aliwachonga watu wakitembea. Mafundi wetu walichonga kile kilichowawezesha kutembea. Sioni kwa nini ya kwanza iitwe sanaa na ya pili iitwe kazi ya mikono tu.

Kwa hiyo nina ombi kwa yeyote atakayefungua jumba la makumbusho Goma siku moja. Aweke ndani chukudu iliyokwisha kufanya kazi, si mpya ya mapambo: raba yake imelika, ubao umeingia weusi wa makaa, usukani umekuwa laini kwa viganja. Na kwenye kibao aandike jina kamili la fundi aliyeichonga, kijiji chake, na aina ya mti alioutumia.