Guelaguetza: Deni la Kijiji na Tamasha la Mji

Neno guelaguetza, litokalo katika lugha ya Kizapoteki ya kusini mwa Meksiko, halikuwa hapo awali jina la tamasha. Lilitaja, na vijijini lingali linataja, mapatano ya kupeana. Mwenye arusi, au msiba, au zamu ya kusimamia sikukuu ya mtakatifu wa kijiji, huletewa na jamaa na majirani mahindi, batamzinga na pombe ya mezkali. Kila kilicholetwa huandikwa daftarini kwa kipimo chake, na siku ya mletaji ifikapo hurejeshwa sawasawa, hata kama anayerejesha ni mtoto wa yule aliyepokea. Mswahili atauona hapa udugu na kikoa, ingawa kikoa hakidai hesabu kali namna hiyo. Hii si hisani, basi, bali ni deni. Na katika deni la aina hii hapana mtoaji wa kudumu wala mpokeaji wa kudumu.

Tamasha la mji wa Oaxaca lilichukulia jina lake hapo, na ni kwa kipimo hicho ndipo lipasapo kuhakikiwa. Mnamo Aprili 1932 mji huo uliadhimisha miaka 400, mwaka mmoja na ushei tu baada ya tetemeko la Januari 1931 kuubomoa. Watawala wa jimbo waliandaa onyesho walilolipa jina lenye maana ya Heshima ya Mbari. Wajumbe wa mikoa walifika na mavazi, ngoma na zawadi zao, wakazitoa mbele ya mji mkuu. Mpangilio huo wa jukwaa wasomeka kama matini yoyote: vijiji vyatoa, mji wapokea, na daftari halipo. Onyesho hilo liliunganishwa na sherehe kongwe za Jumatatu za Mlimani, zifanywazo mwezi wa Julai katika kilima cha Fortín, na baadaye yote yakavikwa jina la Kizapoteki. Maana ya neno ilikatwa mkono mmoja. Kupa kulibaki, kurudisha kukapotea. Wasomaji wa Afrika Mashariki hawana haja ya kusafiri mbali kutafuta mfano wa neno la kazi za pamoja lililopandishwa jukwaani na serikali: Harambee ni jirani wa kutosha.

Hata hivyo mhakiki atakayeishia kulaani uzushi atakuwa amekosa nusu ya habari. Ngoma ishangiliwayo kuliko zote katika Guelaguetza ni Flor de Piña, yaani Ua la Nanasi, ya eneo la Tuxtepec: wanawake waliovaa huipil za rangi nyingi hupanga mstari, kila mmoja na nanasi begani, hatua zao zikilingana hata jicho likashindwa kumtenga mmoja na mwenzake. Ngoma hii si ya kale. Ilitungwa mwaka 1958 na mwalimu Paulina Solís Ocampo kwa agizo la gavana, kwa kuwa wajumbe wa Tuxtepec walikuwa wakileta muziki uliofanana mno na ule wa jimbo jirani la Veracruz. Wapo watakaoiita ghushi. Lakini mabinti wa Tuxtepec huicheza kama chao, na kizazi cha tatu hakihitaji ruhusa ya mwanahistoria. Jadi haithibitishwi na umri peke yake. Mtaalamu yeyote wa fasihi simulizi alijua hilo zamani. Kichekesho ni kwamba tamasha hilo hilo lina Kamati ya Uhalisi, ipitayo vijijini kukagua mavazi na hatua za wachezaji, na kuamua nani ni wa jadi ya kutosha kupanda mlimani. Swali zito, basi, si la upya wala ukale. Ni la mwenye kalamu ya daftari.

Swali hilo liliulizwa kwa sauti kubwa mwaka 2006. Walimu wa jimbo walikuwa katika mgomo. Alfajiri ya Juni 14 polisi waliwavamia katika uwanja wa katikati ya mji. Mwezi uliofuata tamasha rasmi lilifutwa, na wagomaji pamoja na wenzao wakaandaa Guelaguetza ya Umma, isiyo na kiingilio. Ngoma zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni mwenyeji, na kwa hiyo uhusiano wa fanani na hadhira yake: aliyeketi hakuwa tena mnunuzi wa kiti.

Waanzilishi wa matamasha mapya wangefaidika zaidi na El Tajín, Veracruz. Tamasha la Cumbre Tajín lilianzishwa mwaka 2000 na serikali ya jimbo kando ya magofu ya kale, na baadhi ya Watotonaki walilipinga, wakiona mahali patakatifu panageuzwa uwanja wa biashara. Pingamizi hilo lilikuwa la haki. Lakini mwaka 2006 kilizaliwa hapo Kituo cha Sanaa za Wenyeji, ambamo Kantiyán, Nyumba ya Wazee, ndiyo iongozayo mafunzo, na vijana hujifunza kufinyanga, kufuma, kuganga na kusema lugha yao mwaka mzima, wageni wawepo wasiwepo. Ngoma ya Warukao, ambamo wanaume wanne hushuka kutoka juu ya mlingoti kwa kamba huku wa tano akipiga filimbi na kigoma kileleni, iliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2009. Mwaka 2012 shirika hilo lilikiweka Kituo katika sajili ya mifano bora ya kuhifadhi urithi. Kilichotajwa humo ni shule ya wazee; jukwaa la Machi, lenye taa na wanamuziki wa kukodiwa, silo lililosajiliwa.