Shela ya Mary Poppins

Mwanamke wa Mji Mkongwe hahitaji kuelezwa kitambaa chepesi kinafanya nini usoni. Kilicho nyuma yake kinaonekana na hakionekani, rangi yake ikipoa kidogo. Kwa hiyo ninapotazama filamu ya *Mary Poppins* ya mwaka 1964, pale Bert na Mary wanapoingia ndani ya picha iliyochorwa barabarani kwa chaki, macho yangu hayawakimbilii pengwini wa katuni. Yanakwenda kwenye kofia ya Julie Andrews, ndiye Mary. Ina kitambaa cha wavu, chepesi kama shela, na ndani ya wavu ule unaona mandhari ya katuni. Mandhari hayo hayakuwepo Julie aliposimama mbele ya kamera. Yalichorwa mbali, yakapigwa picha mbali, kisha yakapenyezwa ndani ya kitambaa.

Wakati ule hilo lilikuwa jambo gumu sana. Njia iliyozoeleka ilikuwa kumweka mwigizaji mbele ya pazia la buluu, kisha buluu hiyo ikaondolewa maabara na mahali pake pakawekwa picha nyingine. Aliyevaa buluu alijitafutia balaa, maana nguo ingetoweka pamoja na pazia. Nywele nazo zilitoka zimenyolewa ukingoni, au zimezungukwa na uzi wa buluu. Kitambaa cha kupenyeza macho ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote: buluu imeshaingia ndani yake, utaitoaje bila kukitoa chenyewe?

Mafundi wa Disney waliiacha buluu, wakaenda kwenye njano. Nyuma ya waigizaji waliweka pazia jeupe wakalimulika kwa taa za mvuke wa sodiamu, ndugu wa zile taa za barabarani zenye mwanga wa njano. Mwanga wa sodiamu una tabia ya pekee: karibu wote umejikusanya mahali pamoja, kwenye nanomita 589 hivi, na haujatawanyika kama mwanga wa jua. Waigizaji wenyewe walimulikwa kwa taa nyingine. Ndani ya kamera mlikuwa na prizimu iliyougawa mwanga njia mbili. Njia moja ilikwenda kwenye filamu ya rangi, ile njano ikiwa imechujwa. Nyingine ilikwenda kwenye filamu ya nyeusi na nyeupe, iliyopokea njano hiyo peke yake. Kwa hiyo kila mara kamera ilipofumba na kufumbua, Julie alipigwa picha mbili kwa pamoja: moja yeye mzima na rangi zake, ya pili kivuli chake, kilichomfuata hadi unywele wa mwisho.

Wavu wa kofia, kwenye ile filamu ya pili, ulitoka kijivu. Si ndiyo, si hapana. Kijivu hicho ndicho kilichoruhusu katuni ipite kwa kiasi chake, isizidi wala isipungue, na kwangu mimi ndiyo sehemu tamu kuliko nyimbo zote za filamu hiyo. Petro Vlahos, Wadsworth Pohl na Ub Iwerks walitunukiwa na Akademi ya Hollywood kwa kazi hiyo. Huyo Iwerks ndiye aliyemchora Mickey Mouse pamoja na Walt Disney miaka ya 1920. Mtu wa penseli aliyeishia kwenye vioo na taa.

Lakini kamera haichezi dansi. Dick Van Dyke, ndiye Bert, alirusha miguu yake kati ya pengwini wanne ambao hakuna aliyewaona bado, akawatazama chini kwa urefu ambao mchoraji angeukuta baadaye na kuuheshimu, fremu 24 kwa kila sekunde. Kilichowaunganisha ni muziki. Wimbo ulirekodiwa kabla, mapigo yakahesabiwa, na kila mmoja akafanya kazi yake juu ya mapigo hayo hayo. Watu wa Unguja hili haliwashangazi. *Awaara*, filamu ya Kihindi ya Raj Kapoor, ilipendwa sana hapa, na humo Lata Mangeshkar anaimba, Nargis anachezesha midomo, na moyo wa mtazamaji hauulizi risiti.

Siku hizi mambo ni rahisi. Kitambaa cha kijani na kompyuta, basi. Urahisi huo umetuletea video za rusha roho ambamo mwimbaji amesimama mbele ya maporomoko ya maji, mabega yamezungukwa na ukungu wa kijani, na mtandio wake unakatika na kurudi kama umeme wa mgao. Kwenye simu mtu anaweza kusamehe. Kwenye pazia kubwa la Ngome Kongwe, ambako tamasha la filamu la ZIFF limekuwa likionyesha picha chini ya nyota tangu 1998, ukingo mbaya unaonekana hadi viti vya nyuma. Hapo ndipo ningependa kuuona wavu wa ile kofia.

Sidai kila kitu mle ni kizuri. Lafudhi ya Van Dyke imechekwa na Waingereza kwa miaka mingi, na P. L. Travers, mwandishi wa vitabu vyenyewe, hakuzitaka kabisa hizo katuni. London yote tunayoiona mle ilitengenezwa California, na sehemu yake kubwa ni rangi ya Peter Ellenshaw juu ya vioo.

Ukitaka kumwona mwigizaji aliyeielewa kazi hii, mtazame David Tomlinson, yule baba wa watoto katika *Mary Poppins*, miaka saba baadaye katika *Bedknobs and Broomsticks* ya 1971. Ni refa wa mpira katika kisiwa cha wanyama wa katuni, na wanyama hao wanamkanyaga, wanamsukuma, wanampita juu. Uwanjani hapakuwa na mnyama hata mmoja. Alianguka mwenyewe, kwa uzito kamili wa mtu aliyegongwa, na wachoraji wakaja baadaye kumletea wa kumwangusha.