Kalamu ya Pili

Yuko mwalimu mmoja aliyestaafu zamani, lakini alasiri nyingi bado utamkuta Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye vimbweta vilivyo chini ya miti, kalamu ya risasi imechomekwa sikioni. Hakuna aliyemwajiri. Wanafunzi huambizana tu, na mwenye kazi humfuata, humwamkia, kisha humkabidhi karatasi. Siku niliyoketi karibu naye alikuwa na binti wa mwaka wa tatu aliyeleta rasimu ya kwanza ya kazi ya seminari, juu ya majina ya upepo kwa wavuvi wa Kilwa Kivinje.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Haya, soma."

Binti akamnyooshea karatasi. Mwalimu hakuzipokea. "Soma wewe. Kwa sauti."

Akaanza. Aliyepita katika shule zetu anaijua sentensi ya kwanza kabla hajaisikia: kazi hii imegawanyika katika sehemu kuu tatu, yaani utangulizi, kiini na hitimisho. Ikafuata fasili ya lugha, ile ya mfumo wa sauti nasibu, kisha fasili ya mtaalamu wa pili, kisha ya wa tatu, kisha taarifa kwamba wataalamu hao wametofautiana. Mwalimu alisikiliza macho yakiwa chini, hakukatiza. Ukurasa wa nne, binti akasoma kwamba mjomba wake, kabla ya kushusha ngalawa, husimama ufukweni akaugeuzia upepo shavu, akasema umande leo umechelewa, na wenzake wote wakaketi kusubiri. Hapo kalamu ikashuka kutoka sikioni.

"Rudia hapo."

Akarudia.

"Mjomba huyu umemficha kurasa tatu nzima. Alikukosea nini?"

Nimefanya uhariri kwa muda mrefu, na katika kazi zote za mkono na akili nilizoziona zikifanywa vizuri, hii ya kumfundisha kijana kuipitia upya rasimu yake ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote. Haina cheti, haina malipo ya maana, na ikifanywa sawasawa haiachi alama. Msomaji wa kazi iliyokamilika hawezi kujua kwamba mjomba aliwahi kukaa ukurasa wa nne.

Wengi hudhani kazi hii ni kuwinda makosa: herufi iliyoruka, koma iliyokosekana, upatanisho wa sarufi uliopotoka. Hayo yapo, na yana siku yake, nayo ni siku ya mwisho. Mwalimu yule hakugusa hata koma moja katika saa ya kwanza. Alimpa binti kalamu, akamwambia pembeni mwa kila aya aandike kwa maneno machache aya ile inasema nini. Asiandike inahusu nini, aandike inasema nini. Binti akaandika kwa haraka kwenye aya mbili za mwanzo, kisha akaganda. Aya ya tatu ilikuwa inahusu umuhimu wa lugha katika jamii, lakini ilikuwa haisemi kitu. Ya tano vilevile. Ya sita ilisema jambo lililokwisha kusemwa na ya pili. Alipomaliza, pembeni mwa kurasa zile palikuwa na maneno hapa na pale na mapengo mengi katikati, na hakuhitaji kuambiwa na mtu wapi pa kukata. Mwalimu alikuwa amekwishaagiza chai.

Kisha wakaja kwenye sentensi. Naikumbuka moja kwa sababu niliinakili palepale, kwa ruhusa ya mwenyewe: "Suala la upepo ni suala ambalo limekuwa na umuhimu mkubwa sana katika shughuli mbalimbali za wavuvi walio wengi." Katika kazi za wanafunzi wetu sentensi za namna hii ni nyingi kuliko nyota. Zina adabu, zina urefu, zinapita bila kumgusa mtu. Mwalimu hakuifuta. Aliuliza tu. Upepo upi? Umande, akajibu binti, ule unaotoka bara alfajiri. Shughuli zipi? Kutoka kwenda kuvua. Wavuvi wapi? Wa Kivinje, wale niliozungumza nao. Umuhimu umeujuaje? Binti akafikiri. "Niliwaona usipovuma hawaendi."

"Basi andika ulichokiona."

Akaandika: "Alfajiri ambayo umande haujavuma, wavuvi wa Kivinje niliozungumza nao hawashushi vyombo." Akaisoma kwa sauti, akasita, akasema, "Lakini mwalimu, mtu anaweza kunibishia. Labda wako wanaotumia injini."

Naona hapo ndipo elimu ya chuo kikuu inapoanza. Sentensi ya kwanza hakuna awezaye kuibishia kwa kuwa haidai kitu. Ya pili imesimama uwanjani, inaonekana, inaweza kupigwa. Binti sasa ilimlazimu arudi kwenye daftari lake aangalie kama wenye injini nao walisema neno, na kama hawakusema, awapigie simu aulize. Swali la utafiti alilopangiwa muhula mzima lilikuwa limemfikia kwa mara ya kwanza alasiri ile, kwa njia ya sentensi moja iliyosafishwa. Rasimu ya kwanza huandikwa na hofu. Mwanafunzi anamwandikia mhadhiri ambaye hamjui vizuri, kwa lugha anayodhani ndiyo ya wasomi, na kila anapokaribia kusema lake hurudi nyuma akajificha kwenye fasili ya mtaalamu. Kalamu ya pili ndiyo inayomtoa mafichoni, na ndiyo maana inauma. Msuka ukili akiona mchoro umepotoka hufumua mpaka penye kosa, hata ikiwa ni pima nzima ya kazi ya jana. Vijana wengi niliowaona wako tayari kuongeza pima nyingine mbele yake. Kufumua hawataki.

Zamani mambo yenyewe yaliwalazimisha. Mwanafunzi aliandika kwa mkono, kwa sababu mashine ya chapa ilikuwa ofisini au kwa mpigachapa aliyelipwa kwa ukurasa. Hakuna aliyepeleka kwa mpigachapa kitu asichokuwa na hakika nacho. Rasimu ilikaa siku kadhaa chini ya mto, ikatolewa, ikasomwa na mwenzako wa chumbani, ikajaa mishale, mistari ya kukata na vipande vya karatasi vilivyobandikwa juu ya aya zilizokufa. Baada ya hapo ndipo ilipoandikwa nakala safi, nayo pia kwa mkono, na katika kuinakili neno kwa neno mkono uligundua yale ambayo jicho liliyaruka. Aliyewahi kunakili kurasa kumi na tano za maneno yake mwenyewe anajua jinsi mkono unavyochoka penye upuuzi. Ukifika kwenye aya isiyo na kitu kalamu inakuwa nzito, nawe unaanza kujiuliza kama kweli unaihitaji. Kwenye stensili hali ilikuwa kali zaidi: kosa moja ulilipaka dawa, ukasubiri ikauke, ukagonga upya juu yake, na makosa matatu katika mstari mmoja yalitosha kuharibu karatasi nzima.

Katika Mlimani ya miaka hiyo kupitia rasimu kulikuwa na heshima ambayo leo ni shida kuieleza. Walter Rodney alikuwa akifundisha historia pale alipoandika How Europe Underdeveloped Africa, kitabu kilichotoka London na Dar es Salaam mwaka 1972. Katika dibaji yake anawashukuru Karim Hirji na Henry Mapolu wa chuo kile kwa kuusoma mswada na kuukosoa kwa nia ya kujenga. Hao ndio vijana waliokuwa katika jopo la uhariri la Cheche, jarida la wanafunzi lililoanza mwaka 1969 na kufungiwa mwaka uliofuata. Mwalimu mwenye jina kubwa aliwapa vijana wa chuo mswada wake mbichi, naye akakataa waziwazi ile desturi ya waandishi ya kusema kwamba makosa yote ni yao peke yao. Kwake, waliosoma na kukosoa walikuwa washirika wa kazi, na mshirika hubeba sehemu yake. Huwa nairudia dibaji ile kila ninapoambiwa kwamba mwanafunzi hana la kumwambia mwalimu wake.

Na yuko Mwalimu mwingine, yule ambaye taifa zima lilimwita hivyo. Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare mwaka 1963, Julius Caezar, akiwa Rais mwenye nchi changa mikononi. Kitabu kilikwisha chapwa, kilikwisha sifiwa, na hakuna mhadhiri aliyekuwa akimdai masahihisho. Mwaka 1969 akakitoa upya baada ya kukipitia, na hata jina la jalada halikubaki lilivyokuwa: likawa Juliasi Kaizari. Kati ya miaka hiyo miwili yalipita maasi ya jeshi, Muungano na Azimio la Arusha. Nikifikiria meza yake ilivyokuwa katika miaka ile, na kwamba juu yake palipatikana nafasi ya kuhangaika na mizani ya mistari iliyokwisha chapwa, kisha nikamsikia kijana akisema hakupata muda wa kuisoma kazi yake mara ya pili, nashindwa kumjibu.

Sisemi vijana wa leo ni wavivu. Wengi wanaandika kwenye simu, usiku, bando ikikaribia kwisha, na kazi tano zikidaiwa wiki moja. Ninachosema ni kwamba tumewaondolea kila kitu kilichokuwa kikiwasimamisha kidogo kati ya kuandika na kukabidhi. Kazi ikimalizika saa nane usiku, saa tatu asubuhi iko steshenari kwenye fleshi, inaprintiwa, inabanwa kwa pini, inapelekwa. Mwandishi wake hakuwahi kuiona kwenye karatasi kabla ya mhadhiri. Mistari myekundu ya kompyuta imemwambia wapi pana kosa na wapi hapana, naye ameamini, ingawa mashine zetu nyingi huyapigia mstari maneno ya Kiswahili yaliyo sahihi na kuyaacha ya Kiingereza yaliyopotea njia.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba hata ule upitiaji uliobaki umegeuzwa kuwa kitu kingine. Vyuo vimeweka programu za kukagua maandishi yaliyochukuliwa kwa watu, na nia ni njema. Lakini keti steshenari yoyote karibu na chuo usikilize wanafunzi wanaosahihisha tasnifu. Hawaulizani kama hoja imesimama. Wanaulizana asilimia. Kijana anachukua aya ya mtu, anabadilisha "muhimu" kuwa "adhimu", "watu" kuwa "wanajamii", anapindua sentensi kichwa chini, anaipitisha tena kwenye mashine, na asilimia ikishuka anapumua. Huko nako ni kupitia rasimu, tena kwa bidii kubwa, usiku kucha, na kila duru inaiacha sentensi ikiwa mbaya kuliko ilivyokuwa. Na sasa kuna akili mnemba. Unaitupia rasimu yako ya kurasa kumi, na kabla chai haijapoa inakurudishia kurasa kumi zilizonyooka, zisizo na kosa, zisizo na mtu. Nimezisoma kazi hizo. Ningetaka kujua katika safari ile mjomba wa Kivinje angefikia wapi, na shavu lake, na umande wake uliochelewa. Naamini angekuwa "mdau wa sekta ya uvuvi".

Upande wa walimu nako kazi hii imepungua, na wenyewe wanajua. Msimamizi huandika maoni pembeni mwa ukurasa kwenye kompyuta, mazuri, ya kufikirisha, amekesha nayo. Mwanafunzi anafungua faili, anabonyeza kitufe cha kukubali mabadiliko yote, maoni yanatoweka, faili linarudishwa. Hakuna pendekezo lililobishaniwa. Hakuna sentensi iliyoandikwa upya na aliyeiandika kwanza. Msimamizi naye, akiwa na wanafunzi wengi kupita kiasi na ripoti za idara zikimsubiri, hana nguvu ya kuuliza upepo upi, wavuvi wapi, umejuaje. Maswali ya mwalimu yule wa kwenye kimbweta yalichukua alasiri nzima kwa kazi ya mtu mmoja, na hakuna ratiba ya chuo ninayoifahamu ambayo ingempa alasiri hiyo.

Nenda maktaba uangalie rafu za tasnifu, zile zenye majalada magumu na maandishi ya dhahabu mgongoni. Zote ni nakala za mwisho. Mwanafunzi mpya anazichukua ili ajifunze namna ya kuandika, naye hawezi kuona popote aya iliyokatwa, mwanzo uliohamishwa kutoka ukurasa wa nne, swali lililoandikwa kwa risasi pembeni. Anaondoka akiamini kwamba walioandika zile walizaliwa wakiandika hivyo, na kwamba yeye hakujaliwa. Rasimu zenyewe ziliuzwa kwa uzito na kuishia kufungia karanga na vitumbua kandokando ya barabara. Siku hizi hazifiki hata huko, kwa sababu katika kompyuta kila rasimu inaandikwa juu ya ile iliyotangulia na kuimeza.

Muhula ukiisha, kazi zilizosahihishwa huwekwa kwenye maboksi nje ya ofisi, kila moja ikiwa na alama juu ya jalada. Wachache huja, huangalia namba, huondoka bila kufungua ukurasa. Nyingine hubaki mpaka likizo, mpaka mfagizi aulize kama zinahitajika. Niliwahi kufunua kadhaa katika boksi la namna hiyo. Ndani, kwenye baadhi, mhadhiri alikuwa amejitahidi, ameuliza swali moja zuri kando ya aya moja, swali ambalo lingetosha kuigeuza kazi nzima.

Pini zilikuwa bado zimekaza. Kurasa zilikuwa hazijawahi kufunuliwa na waliokuwa wameulizwa.