Chokaa na Zidaka za Lamu

Mtaa wa Mkomani, kaskazini mwa ngome ya Lamu, ndio uliohifadhi nyumba nyingi za mawe za karne ya 18. Anayetoka pwani huziacha nyuma nyumba za karne ya 19 zenye roshani, akavuka njia kuu ya Usita wa Mui na kuingia vichochoro ambamo punda mwenye mzigo akipita, watu hujibanza ukutani. Hapa na pale juu ya njia hukatiza wikio, chumba kilichounganisha nyumba za jamaa ili wanawake watembeleane bila kushuka barabarani.

Kwa nje nyumba hizi hazijionyeshi. Ukuta ni mtupu. Kilichopambwa ni mlango na daka, ukumbi wa mlangoni wenye baraza za mawe, mahali pa kupokelea wageni. Nyuma ya mlango kuna tekani, kipito cha ndani kilichopinda, ili macho ya mpita njia yasifike kiwandani, yaani uani. Kutoka kiwandani, misana, yaani kumbi ndefu, hufuatana, kila mmoja ukiinuka kidogo kuliko uliotangulia, hadi ndani kabisa. Upana wa vyumba uliamuliwa na boriti za mikoko, kwa hiyo ni nadra kuzidi mita 3.

Utukufu wa fundi uko huko ndani. Ukuta mzima umejaa zidaka, vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, zilizowekwa sahani za kaure kutoka China na misahafu. Chokaa ya zidaka hizo ilitokana na matumbawe yaliyochomwa kwa kuni, yakazimwa kwa maji, kisha ikaachwa muda mrefu ilainike. Fundi aliipaka tabaka kwa tabaka, akaichonga kabla haijakauka, na alipokosea hakuwa na pa kuficha. Vidole vyake vilijua unyevu wa chokaa kuliko kipimo chochote.

Sasa kuta hizo hizo zinapakwa saruji, kwa haraka na bila kuuliza. Chokaa hupumua, saruji huziba. Unyevu na chumvi hubaki ukutani, plasta ikabanduka vipande na jiwe likamong'onyoka. Ni uchungu kuona mkono usio na subira ukiharibu kilichodumu zaidi ya miaka 200, katika mji ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001. Wenye nyumba za Mkomani, kabla ya kununua mfuko wa saruji, mtafuteni fundi wa chokaa, na mpeni kijana wa kumfunza.