Kura Tatu: Jinsi TANU Ilivyogeuza Mtego wa Mkoloni

Mfumo wa kura tatu uliwekwa kuchelewesha utawala wa Waafrika. Katika uchaguzi wa 1958 wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, kila jimbo lilikuwa na viti vitatu: cha Mwafrika, cha Mwasia na cha Mzungu. Mpigakura alilazimika kuchagua mmoja katika kila kundi, la sivyo kura yake iliharibika. Hivyo Wazungu elfu chache wangepata viti sawa na Waafrika mamilioni, na UTP, chama alichokipendelea Gavana Twining, kingetamba barazani.

Mkutano mkuu wa TANU, chama kilichodai uhuru, ulipokaa Tabora Januari 1958, wajumbe wengi walitaka kususia uchaguzi huo. Julius Nyerere, kiongozi wa chama, aliwapinga kwa hesabu, wala si kwa mahubiri ya upole. Tukisusia, viti vinakwenda UTP. Kitakachobaki ni migomo, na migomo ikizaa fujo serikali inapata kisingizio cha kukifuta chama. Nchi jirani ya Kenya ilikuwa katika hali ya hatari tangu 1952, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake.

Kitu ambacho waliotunga sheria hawakukipima vizuri ni hiki: ulazima wa kura tatu ulimpa Mwafrika sauti juu ya kiti cha Mzungu na cha Mwasia pia. Sifa za kipato, elimu au cheo ziliwaacha wananchi wengi nje ya daftari, lakini hata hivyo Waafrika ndio waliokuwa wengi ndani yake. TANU wakati huo haikuandikisha wanachama wasio Waafrika. Ikaamua kuwaunga mkono Waasia na Wazungu iliowaamini, akiwemo Derek Bryceson. Mgombea wa UTP akajikuta akiwaomba kura watu wale wale aliotaka kuwadhibiti.

Gharama ilikuwepo. Zuberi Mtemvu, aliyeupinga uamuzi wa Tabora, alijitoa TANU na kuunda chama chake, ANC. Wakulima na akina mama waliojaza mikutano ya Bibi Titi Mohamed, kiongozi wa wanawake wa TANU, walibaki watazamaji huku makarani wakipiga kura. Kwangu mimi hilo ndilo doa kubwa la uamuzi wa Tabora, na husemwa mara chache. Nyerere naye, alipotiwa hatiani kwa kashfa mwaka huo huo, alilipa faini ya shilingi 3,000 badala ya kwenda jela. Wapo waliotamani shujaa wa gerezani, lakini kampeni ilimhitaji nje.

Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda, wa rangi zote tatu, na UTP ikafa.

Je, ushindi huu wa kura unathibitisha kwamba bunduki haifai? Hapana. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, walowezi wake walikuwa wachache, na Waingereza walikuwa wameshaonja uasi wa Mau Mau huko Kenya. Wapiganaji wa Maji Maji, walioasi dhidi ya Wajerumani mwaka 1905, hawakuwa na baraza la kugombea wala Umoja wa Mataifa wa kupelekea malalamiko. Walikuwa na kodi, kilimo cha pamba cha kulazimishwa na kiboko. Kuwalaumu kwa kutochagua njia ya Tabora ni kuwalaumu kwa njia ambayo haikuwepo.