Rangi na Ukolevu Wake katika Vitabu vya Watoto

Vitabu vingi vya picha vinavyotungiwa watoto wa chekechea hufunza rangi kwa mtindo mmoja: mraba uliopakwa wino, na chini yake neno. Mtindo huu hudhania kwamba kila rangi ina mipaka thabiti, na kwamba kazi ya mtoto ni kukariri majina tu. Kiswahili hakikujengwa hivyo.

Vivumishi vya rangi vinavyochukua upatanisho wa ngeli ni vitatu: -eupe, -eusi na -ekundu. Eneo la kila kimoja ni pana. Ng'ombe anayeitwa wa kahawia darasani huitwa mwekundu malishoni. Udongo vivyo hivyo. Mtoto anayesahihishwa kwa kumwita ng'ombe huyo mwekundu hakukosea. Amenyang'anywa lugha aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Majina mengi yaliyosalia yametokana na vitu: zambarau ni tunda, manjano ni kiungo cha mchuzi, kahawia imetokana na kahawa, kijivu na jivu. Kila jina ni tashbihi iliyofupishwa. Penye mzambarau, tashbihi hiyo hujieleza. Kwa mtoto asiyewahi kuuona mti huo, neno hubaki sauti tupu.

Udhaifu mkubwa zaidi umo katika viwango vya rangi. Waandishi huridhika na "kijani kibichi", hali ubichi huo, kwa matumizi ya leo, haumwambii mtoto iwapo rangi imekoza au imefifia. Ilhali lugha ina vitenzi vyake. Rangi hukolea kama sukari inavyokolea katika chai, jambo ambalo mtoto analijua kwa ulimi kabla ya kujua kusoma. Nguo huchujuka kwa kufuliwa; hupauka kwa kuanikwa juani. Vitenzi hivi havitaji kiwango tu, bali pia kisa kilichoifikisha rangi hapo, na penye kisa pana hadithi.

Tanakali za sauti nazo zimepuuzwa: nyeupe pe, nyeusi ti, nyekundu pyu. Msimulizi huzivuta kwa pumzi, chapa huzikata. Hata hivyo, zinachotaja ni kilele cha rangi tu, wala haziwezi kubeba mzigo wa vitenzi. Hadithi ya kanga moja, tangu inunuliwe ikiwa nyekundu pyu hadi iwe tambara la kupangusia meza, ingempitisha mtoto katika ngazi zote za wekundu pasi na mraba hata mmoja.