Pongezi kwa Walimu wa Chekechea wa Naguru

Somo la milango mitano ya fahamu huanzia sokoni. Huko mwalimu wa chekechea hapa Naguru, Uganda, hununua ndimu na tangawizi, mara nyingi kwa fedha yake. Chumvi na sukari huzitoa jikoni kwake.

Kisha huja kazi yenyewe. Mikono ioshwe, mtoto mmoja mmoja. Kila mtoto awe na kijiko chake, wasije wakaambukizana mafua. Maharage ya kupapasa yahesabiwe kabla na baada, maana punje ikipotea huenda imo puani mwa mtu. Anayeogopa kufungwa kitambaa machoni halazimishwi. Hufumba macho tu, huku ameshikwa mkono. Ndimu ikikunja nyuso, mwalimu hungoja kila mmoja aseme alichoonja, kwa Kiganda, Kiswahili au Kiingereza.

Wakati huohuo anawachunguza. Asiyegeuka kengele ikilia nyuma yake, au anayeisogeza picha hadi puani, mara nyingi hugunduliwa hapo kabla hajafikishwa kwa daktari.

Elimu ya msingi bila ada ilianza Uganda mwaka 1997, lakini chekechea haikuingizwa. Wengi wa walimu hawa hulipwa kutokana na karo ya wazazi. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, madarasa yao hayakufunguliwa hadi Januari 2022. Wengi walikaa bila mshahara, na wapo waliorudi kazini hata hivyo. Tuna deni kwao, na mzazi anayelipa karo kwa wakati ameanza kulilipa.